Jumamosi Saba Kwenye Balkoni ya Mama Rael

"Mti nikiugusa mimi," Gelasius alipenda kusema, "hata ukiuita mti wenyewe uje uitazame picha, utaapa kwamba siku ile ndivyo ulivyoamka."

Aliyasema haya studioni kwa bosi wake Shamez, pale Don Mills, Kanada, kwa wateja, kwa mleta barua, kwa yeyote aliyekosea akasimama karibu na meza yake zaidi ya dakika mbili. Na akiona msikilizaji hajashangaa vya kutosha, aliongeza, "Wa kunikamata mimi hajazaliwa."

Kumbe huyo wa kumkamata alikuwa amezaliwa zamani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu mwenye goti moja bovu, na aliishi ghorofa ya kumi na mbili Flemingdon Park.

Kazi ya Gelasius Komba ilikuwa kuyapika majani. Kila majira ya majani kupukutika yalipofika, wapiga picha walizunguka misitu ya kaskazini wakarudi na picha zilizopauka kama uji wa mgonjwa. Shamez alizichukua azitengenezee kalenda. Huyu Shamez wazazi wake walihama Dar es Salaam kabla hajazaliwa, na Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa bibi yake, ndiyo maana hata akikukaripia ulihisi unakaribishwa chakula. Gelasius alizipokea picha kwenye kompyuta, akaongeza kontrasti mpaka giza likawa giza kweli na mwanga ukawa mwanga. Akaivuta njano iende kwenye chungwa, chungwa liende kwenye nyekundu. Mwisho alipunguza kidogo weusi wa chini ya miti, jicho lipate pa kuingilia.

"Punguza chumvi, Gela," Shamez alimwambia karibu kila siku. "Watu wataitundika ukutani, hawataila."

"Bosi, watu wanataka Kanada. Mimi nawapa Kanada."

Nje ya majani, Gelasius alikuwa na kitu kimoja tu asichokifanyia mzaha, nacho kiliitwa Jepkosgei. Jepkosgei alikuwa mlezi wa wazee, mrefu, mwenye hatua za mtu anayejua basi litamngoja. Alikuwa na namna ya kukutazama kabla hajacheka, kama anayekagua tiketi. Ukipita ukaguzi, kicheko kilikuja chote, na Gelasius alikuwa tayari kusimama kwenye foleni hiyo maisha yake yote.

Tatizo lilikuwa mama yake. Mama Rael alikuwa mjane wa kutoka Kapsabet, na binti yake huyo ndiye aliyebaki naye mji huu.

"Huyu kijana anacheka kila neno," alimwambia bintiye. "Siku ya kulia atafanya nini?"

Mwanzoni mwa Septemba Jepkosgei alipata kazi ya wiki saba katika nyumba ya wazee huko Thunder Bay, mbali kaskazini. Asubuhi ya safari alimshika Gelasius mkono kituoni.

"Sikuombi kitu kikubwa. Kila Jumamosi nenda umsalimie mama. Kunywa chai yake. Halafu toka nje kwenye balkoni unipigie picha ya bonde. Moja tu. Nitaona majani yakibadilika, na nitajua ulienda."

"Na mama akinisukuma kutoka huko juu?"

"Utapiga picha nzuri ukishuka."

"Jep."

"Sikiza, Gela. Huko wameshanidokeza, wakinipenda watanipa kazi ya kudumu. Mama akikuzoea, nitarudi, tutawapelekea wajomba habari Kapsabet. Asipokuzoea, hata sijui nitarudia nini." Akamtazama ule mtazamo wake. "Utaenda?"

"Nitaenda mpaka aniombe nipumzike."

Jumamosi ya kwanza alienda kweli. Hilo tumpe.

"Shikamoo, mama."

"Nyinyi Watanzania mtanizeesha. Ingia."

Kutoka balkoni, bonde la Don lilikuwa limejaa kijani tupu, barabara ikipita katikati yake kama zipu. Kwenye pembe ya balkoni kulikuwa na ndoo nyeupe ya rangi ya nyumba, na ndani yake mboga imestawi kwa kiburi.

"Kwetu huu ni mnavu," Gelasius alisema.

"Kwenu mmeutoa wapi? Haya ni managu. Mbegu zake zilikuja kutoka Kapsabet ndani ya soksi."

"Soksi ya nani, mama? Nisije nikala kumbe ni mguu wa mtu."

Mama Rael hakucheka. Gelasius akapiga picha kama ishirini hivi, ndoo ikiwa imeingia pembeni kwenye kila moja, kama muhuri wa ofisi. Asiyeamini kwamba alikuwa kwa Mama Rael aitazame ndoo.

Walipoketi kunywa chai, mama alikoroga kikombe chake muda mrefu.

"Jepkosgei anasema wewe ni mpiga picha."

"Hapana, mama. Wenzangu wanapiga, mimi natengeneza rangi."

"Kwa hivyo huko msituni huendi."

"Siendi. Msitu unaletwa mezani."

"Sasa wewe mwenyewe, kwa haya macho yako, umewahi kuona nini?"

Gelasius alikuwa na majibu matatu ya kuchekesha. Aliyatoa yote. Yalianguka mezani moja baada ya jingine, mama akayatazama kama makombo. Mlangoni, wakiagana, mama alisema, "Jumamosi ijayo uje na njaa. Nitakupikia yale managu, na maziwa." Lakini Gelasius hakulisikia hilo. Aliteremka lifti ghorofa zote kumi na mbili akiwa na swali moja tu masikioni, *umewahi kuona nini*, na kila ghorofa likazidi kuwa tusi.

Jumamosi ya pili aliamka saa sita mchana, katika chumba chake cha chini ya nyumba huko Brampton. Mvua ilikuwa inanyesha. Flemingdon ilikuwa safari ya mabasi matatu. Heshima yake ilimwambia kwamba ametukanwa, na blanketi likaunga mkono.

Akafungua kompyuta.

Alichagua moja kati ya zile picha ishirini, akaigeuza pembe kidogo isifanane na ya kwanza. Akalifanya anga kuwa la kijivu. Akatia njano kidogo kwenye ncha za miti ya mbali, kidogo sana, kama ndugu aliyeanza kuota mvi. Akaituma. "Mama hajambo. Chai tamu, maswali machungu."

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini. "Umeniondolea uchovu wa wiki nzima."

Ya tatu ilikuwa rahisi. Ya nne alitia chungwa. Ya tano alimwaga nyekundu kwenye ile miti mikubwa ya kushoto, akakoleza kontrasti, akayaweka mawingu mazito nyuma yake ili wekundu uwake. Ya sita alitia ukungu asubuhi ambayo yeye mwenyewe aliipitisha usingizini. Ya saba alifuta majani kwa mkono, jani kwa jani, mpaka vitawi vikaanza kuonekana, na hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko safari ya kwenda na kurudi Flemingdon. Na kila mara aliizungushia ile ndoo mstari kwa uangalifu, mboga ya mama mkwe isije ikaiva pamoja na msitu. Managu yalibaki kijani wiki zote saba, yanapendeza.

Mama Rael hakupiga simu kuuliza aliko. Gelasius aliuchukua ukimya huo kama ruhusa.

Wiki ya tano Jepkosgei alimtumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake kulisikika vijiko na redio ya mbali.

"Gela, kuna bibi mmoja hapa haongei na mtu. Jana nimemwonyesha ile nyekundu. Ameishika simu yangu robo saa nzima, sijawahi kuona. Leo asubuhi ameniuliza, ile nyingine inakuja lini? Na mama nikimuuliza kama umekuja, ananiambia, si umepata picha? Hata hasemi vibaya juu yako. Unajua hiyo kwa mama ni sherehe?"

Aliusikiliza mara tatu. Angeweza kusema siku hiyo. Angeweza hata kupanda basi kesho yake, akagonga mlango, akala chochote alichopewa. Badala yake alifungua picha ya sita na kuanza kutia ukungu.

Siku moja kabla Jepkosgei hajarudi, alizichapisha zote saba studioni, safu moja ndani ya fremu ndefu. Shamez alisimama nyuma yake akinywa kahawa.

"Hizi ni siku saba tofauti?"

"Wiki saba, bosi."

"Na kivuli cha reli ya balkoni kimelala palepale wiki saba. Jua lilikuwa likizo?"

Gelasius aliigeuza fremu kifudifudi.

"Mwambie kabla hajafika nyumbani," Shamez alisema taratibu. "Ukimwambia wewe, ni kosa. Akijionea mwenyewe, ni tabia."

"Nitamwambia. Nitatafuta njia ya kuchekesha."

Shamez alipoondoka, Gelasius alirudi kwenye kompyuta, akavisogeza vivuli sita, akachapisha upya.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tano Oktoba alimpokea Jepkosgei uwanja wa ndege kwa gari la kuazima la mwenye nyumba wake. Jepkosgei alikuwa amepungua kidogo, macho yamekuwa makubwa. Alimkumbatia akakaa hapo, kidevu begani kwake, kama mtu aliyetua mzigo lakini bado hajanyoosha mgongo.

"Nina habari," alisema garini. "Lakini nitaisema mbele ya mama."

"Nidokeze."

"Hapana. Mlinisubiri pamoja, mtaisikia pamoja."

Barabara ilishuka bondeni, na miti ikawapokea pande zote mbili. Jepkosgei alibandika paji la uso kwenye kioo. "Ni ya kahawia zaidi kuliko zako," alisema. Hakusema kwa kulaumu. Gelasius alizungumzia msongamano wa magari.

Mama Rael alifungua mlango kabla hawajagonga mara ya pili. Alimshika bintiye mashavu, akamgeuza huku na huku, akamlaumu kwa kukonda. Kisha akamtazama Gelasius kama mtu anayeitazama barua aliyokwisha kuisoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Sebuleni taa ilikuwa inawaka ingawa ulikuwa mchana mweupe. Pazia zito la kahawia lilifunika mlango wote wa balkoni. Mahali fulani, karibu, mashine ilikuwa ikitoboa zege, ikinyamaza, ikitoboa tena. Gelasius alidhani ni jirani.

Jepkosgei alipoingia kunawa, mama aliweka birika mezani, akainama karibu na Gelasius.

"Maji yakifungwa huko bafuni atatoka. Una neno, mwambie wewe mwenyewe."

"Neno gani, mama?" Gelasius akatabasamu lile tabasamu lake la wateja.

Mama alimtazama mpaka tabasamu likachoka. "Basi," alisema, akamimina chai.

Kwa wiki zote hizi hajasema, Gelasius aliwaza. Leo ataanzia wapi?

Akaifungua zawadi. Jepkosgei alipoiona ile fremu ndefu alikaa kitako chini sakafuni, akaiegemeza kwenye kochi, akaanza kuzipitia kwa kidole, moja moja, bila kugusa kioo.

"Hii nilikuwa nimefukuzwa na mzee mmoja chumbani, ameniita mwizi. Nikaenda kukaa chooni nikaifungua." Kidole kikasogea. "Hii ndiyo ya bibi. Na hii ya ukungu. Ulifika saa ngapi hapa siku hiyo, Gela?"

"Mapema. Saa moja asubuhi hivi." Aliusikia ulimi wake ukishika njia, na hakujua kuusimamisha. "Baridi ilikuwa kali, mikono inatetemeka. Mama akaniambia, kijana, ingia ndani utapata nimonia. Si ndivyo, mama?"

Mama Rael alipuliza chai yake.

"Mama alikwambia hivyo?" Jepkosgei alicheka, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akainuka, akakaa katikati yao, akamshika kila mmoja mkono. "Sasa habari yangu. Walinipa barua Jumatatu. Kazi ya kudumu, na wangenisaidia kupata nyumba. Nimekaa nayo siku tatu. Halafu nikasema, kuna mtu amepanda hizo ghorofa kila Jumamosi, na mama yangu amemfungulia mlango kila Jumamosi. Mimi natafuta nini tena huko? Alhamisi nimeandika, nimekataa. Nafasi wameshampa mwingine."

Ile mashine ilitoboa, ikanyamaza.

"Mbona mmenyamaza?" Jepkosgei aliuliza. "Mlitaka nikae huko na theluji?"

"Mwanangu," mama alisema. "Ungenipigia simu kwanza."

"Nilitaka niwaone nyuso. Njooni. Twende nje tupige ya nane, sote watatu. Gela, toa simu."

"Acha pazia," mama alisema.

"Kwa nini?"

"Kunywa chai kwanza."

"Mama, chai haikimbii."

Alilivuta pazia mara moja.

Nyuma ya kioo hapakuwa na bonde. Palikuwa na ubao mpana wa mbao uliopigiliwa skrubu kwenye mlango kutoka pembe hadi pembe, juu yake nailoni nzito yenye vumbi la zege, na juu zaidi, mahali palipobaki nafasi ya kiganja, wavu wa rangi ya chungwa. Viatu viwili vya fundi aliyekuwa juu ya jukwaa vilipita huko nje, vikasimama, vikaendelea. Kwenye kioo, kwa ndani, palikuwa na karatasi ya wenye jengo.

Jepkosgei aliisoma kwa sauti, polepole, akiitafsiri jinsi anavyomsomea mama yake barua zote. "Kwa wapangaji wote. Balkoni zinafanyiwa matengenezo. Ondoeni vitu vyote. Milango itafungwa, hakuna ruhusa ya kutoka nje, kuanzia tarehe kumi na tano Septemba mpaka tutakapowajulisha." Akarudi nyuma hatua moja. "Septemba."

"Walichelewa," Gelasius alisema haraka. "Mafundi hawa unawajua. Karatasi wanabandika leo, kazi mwezi ujao."

"Skrubu zina kutu, Gela."

"Basi walikuwa hawajazikaza zote. Mama alikuwa ananifungulia kidogo, napenya hivi, upande. Si unaona, hapo pembeni. Mama alikuwa ananishikia ubao." Alicheka kidogo. "Mama, mwambie."

Hilo ndilo alilokosea kuliko zile picha zote sita za uongo. Mama Rael aliweka kikombe chini.

Jepkosgei alimgeukia. "Mama. Nilikuuliza kila wiki."

"Uliniuliza, nikakuuliza kama umepata picha. Ukasema ndiyo. Ukafurahi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini? Mimi nisiyemtaka? Ungesema namsingizia, ungebaki huko na hasira yako." Akapangusa goti lake bovu kwa kiganja. "Nikasema nitanyamaza, huenda akapata aibu akaja. Nilimngoja. Hata leo, ukiwa unanawa, nimemngoja."

"Mama, si kweli," Gelasius alisema, lakini kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemgeukia.

Jepkosgei alipiga magoti mbele ya fremu. Hakuitazama miti sasa. Kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye pembe ya picha ya saba, kwenye ile ndoo nyeupe, na majani mabichi yaliyozungushiwa mstari kwa uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

"Hii ni ya Jumamosi iliyopita," alisema. "Tarehe kumi na nane. Mama, ndoo iko wapi?"

"Chini ya sinki. Naloweka nguo."

"Na managu?"

"Niliyang'oa tarehe kumi na tatu mwezi wa tisa, asubuhi, waliposema tuondoe vitu." Mama Rael alisema bila kupandisha sauti, kama anayetaja siku ya kuzaliwa ya mtu. "Ilikuwa Jumamosi, na nilikuwa nimemwambia aje na njaa. Nikayapika yote, na maziwa. Nikamwekea sahani, nikaifunika na nyingine. Ilikaa hapo mezani mpaka saa moja jioni."

Akamsogezea Gelasius kikombe chake, ambacho hakuwa amekigusa.

"Lakini yeye ndiye aliyekuwa hapa siku hiyo," alisema. "Muulize mwenyewe yalikuwaje."

Jepkosgei aligeuka, akamtazama ule mtazamo wa kukagua tiketi.

"Yalikuwaje, Gela?"